Askari akifa vitani, jina lake si siri

Hebu tufanye jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Usifungue Google. Nitajie jina la mwanajeshi mmoja wa Kenya aliyeuawa vitani Somalia. Mmoja tu.

Umeona? Wachezaji wa Arsenal unawajua mpaka wale wa benchi. Wasanii wa Gengetone unawajua hadi majina waliyopewa na mama zao. Wanasiasa ndio usiseme, hata wale wa kaunti ambayo hujawahi kukanyaga. Lakini tangu Oktoba 2011, jeshi letu lilipovuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi, vijana wa rika lako na langu wamekuwa wakienda Somalia, wengine wakirudishwa ndani ya jeneza, na wengi wetu hatuwezi kumtaja hata mmoja. Isipokuwa kama alikuwa wa kwenu. Basi wewe jina unalo, na pengine umechoka kulibeba peke yako.

Sikulaumu. Huwezi kusahau jina ambalo hukuwahi kuambiwa. Ninachosema ni kifupi tu: mtu akifa kwa sababu nchi ilimtuma, nchi ina deni la kumtaja kwa jina, hadharani, na kuijua familia aliyoiacha. Tusiishie kusema "mashujaa wetu" kwa jumla jumla, kama vile tunataja aina ya mahindi.

Tuanze na El Adde. Ijumaa ya Januari 15, 2016, kukipambazuka, al-Shabaab walivamia kambi ya KDF iliyokuwa chini ya AMISOM katika eneo la Gedo. Waliingia na gari lililojaa vilipuzi, kisha risasi. Kambi ilikuwa na kombania moja tu, na ilizidiwa. Wakenya tukauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: ni wangapi? Serikali haikutoa hesabu. Wiki chache baadaye Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, akaambia televisheni kwamba waliouawa siku hiyo walikuwa 180 au karibu 200. Nairobi ikakana. Mwezi Mei CNN wakaripoti kwamba kwa hesabu yao ni angalau 141. Katikati ya hayo al-Shabaab wenyewe wakatoa video.

Sasa panga hayo vizuri kichwani. Hesabu ya watoto wa Kenya tuliisikia kwa rais wa nchi jirani, kwa televisheni ya Marekani, na kwa waliowaua. Wenye watoto ndio walionyamaza.

Januari 27 mwaka huo kulifanyika ibada ya kitaifa katika Moi Barracks, Eldoret. Alikuwepo Rais Uhuru Kenyatta, akawepo Muhammadu Buhari wa Nigeria, akawepo Hassan Sheikh. Marais watatu, hotuba nzito. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, Januari 27, 2017, kambi ya Kulbiyow ikavamiwa. Jeshi likasema tumepoteza wanajeshi 9. Al-Shabaab wakadai wameua zaidi ya 50. Sisi tukabaki katikati, tukichagua nani wa kuamini kama mtu anayechagua kati ya wauzaji wawili wa simu za mkono wa pili.

Hesabu ni hesabu, najua. Ukisoma 9, ukisoma 141, macho yanapita tu. Kwa hivyo nikuambie kuhusu mmoja.

Nililelewa Kahawa West, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, mfereji mmoja, na landilodi aliyekuja kila tarehe tano bila kukosa. Chumba cha pili kutoka geti kilikuwa cha mwanajeshi kijana. Sisi watoto tulimwita Afande, ingawa hakuwa mkubwa jeshini. Alikuwa na V moja tu kwenye mkono wa shati. Jina lake halisi nalijua. Silitaji hapa kwa sababu mkewe hajaniruhusu, na ruhusa ya familia ni jambo ambalo nitalirudia.

Ukitaka kujua Afande alikuwa mtu wa aina gani, ungekuja Jumamosi asubuhi akiwa amepewa likizo. Alikuwa anamwogesha bintiye kwenye beseni pale kwa mfereji, mbele ya ploti nzima, akimwimbia nyimbo za mchakamchaka. Wazee wa pale walimcheka, eti mwanajeshi gani anashika sabuni ya mtoto. Hakujibu. Aliendelea kusugua. Viatu vyetu vya shule alitufundisha kuvipiga rangi kwa kutumia maji kidogo na kitambaa mpaka ukajiona usoni. Umeme ukipotea, pasi ya makaa ilikuwa yake, na foleni ya majirani wenye sare za shule ilikuwa mlangoni kwake.

Alikuwa anajenga ushago. Nyumba ya vyumba vitatu, polepole, kwa mkopo wa sacco na kile kilichobaki baada ya kodi. Kabla hajaenda Somalia alinunua mlango wa chuma, rangi ya maruni, akauegemeza ukutani nje ya chumba chake. Akamwambia mkewe atausafirisha akirudi. Mtoto wa pili, mvulana, alikuwa na miezi saba.

Jumapili alikuwa anapiga simu. Laini mbovu, sauti inakatika. Mkewe anaweka spika ya simu mdomoni mwa mtoto, mtoto anaipapasa na kupiga kelele zake, na kule upande wa pili unasikia mwanamume mzima akicheka. Ploti nzima ilijua saa ya simu ya Afande.

Januari 2016 Jumapili moja simu haikulia. Wala iliyofuata.

Kilichokuja baadaye huenda unakijua kama una ndugu jeshini. Kwanza ni uvumi wa WhatsApp. Kisha mtu anasema ameona picha, mwingine anasema si yeye. Kisha ndugu wanaambiwa wangoje, kwa sababu miili mingine lazima itambuliwe kwa DNA. Mama yake Afande, mwanamke ambaye hakuwa amewahi kufika Nairobi, alipandishwa basi aje kufutwa pamba ndani ya shavu. Akauliza kama pamba hiyo ndiyo itamrudisha mwanawe. Hakuna aliyemjibu.

Jeneza lilifika limefungwa. Tulikwenda mazishini kwa matatu mbili za kukodi. Tarumbeta ikalia, risasi zikapigwa hewani, watoto wakaziba masikio. Jeshi lilimzika kwa heshima, hilo sitalipinga. Kisha lori likawasha injini, likaondoka, na maisha ya mjane yakaanza siku hiyo.

Hapa ndipo nataka unisikilize, hasa kama uko kwa ndoa ya njoo tukae, na wengi wetu tuko. Afande na mkewe hawakuwa na cheti. Mahari ilikuwa imepelekwa, wazee walikula mbuzi, kila mtu alijua huyu ni mke. Lakini ofisi haili mbuzi, ofisi inasoma karatasi. Akaambiwa alete barua ya chifu. Akaleta. Akaambiwa alete kiapo. Akaleta. Akaambiwa kuna mtu mwingine wa familia ya marehemu amejiandikisha kama mrithi. Alikuwa anatoka asubuhi na mtoto mgongoni na faili ya plastiki mkononi, anarudi jioni na ile ile faili. Kodi ya miezi minne ikamshinda. Siku aliyohama, alibeba vyombo kwenye mkokoteni, na ule mlango wa maruni ukabaki ukutani kwa sababu haukutoshea. Ulikaa pale karibu miaka miwili kabla shemeji mmoja kuuchukua kwa Probox.

Sasa fikiria kama jina la mume wake lingekuwa limetangazwa. Kama kungekuwa na orodha, na kando ya kila jina kuna mjane, watoto, wazazi. Yule karani angemwambia "njoo wiki ijayo" kwa urahisi ule? Jina likiwa hadharani, linakuwa na mashahidi. Likiwa kwenye droo, mjane anabaki peke yake na faili yake.

Najua kuna majibu. Nimeyasikia yote mitandaoni, tuyapitie moja moja.

La kwanza ni usalama. Eti tukitangaza idadi na majina, tunampa adui ushindi na kuvunja moyo wa wanajeshi walio huko. Kuna ukweli ndani ya hoja hiyo, sitaidharau. Vita vinaendelea, huwezi kutangaza kila kitu saa ile ile. Kikosi kiko wapi, kina silaha gani, kinasonga lini, hizo ni siri na zibaki siri. Lakini maiti hana mipango ya vita. Baada ya familia kujulishwa na mazishi kufanyika, siri inabaki kwa faida ya nani? Adui anajua aliua wangapi, alikuwepo. Mtaa unajua, ulimzika. Asiyejua ni mwananchi tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa El Adde umbuzi ulikuja kwa video. Ukimwachia adui nafasi ya kuhesabu, atahesabu anavyotaka.

Na kutaja majina tunaweza, tumeshafanya. Aprili 18, 2024, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alipofariki katika ajali ya helikopta pamoja na wanajeshi wengine tisa, majina yao yote yalitolewa, wa cheo cha juu na wa cheo cha chini, na nchi ikaomboleza siku tatu. Februari 2025, afisa wa polisi wa Kenya alipouawa Haiti, wa kwanza katika misheni ile, tulijua jina lake, tukaona sura yake, tukawasikia wazazi wake. Misheni haikuporomoka kwa sababu tulimlilia kwa jina. Kama haya yaliwezekana, basi ukimya wa El Adde ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu unaweza kubadilishwa.

Jibu la pili huwa la vijana wenzangu, na linaniuma zaidi: "Si alijiandikisha mwenyewe? Analipwa." Ndugu yangu, wewe hujawahi kupanga ile laini. Mimi nimepanga. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangazo la kuajiri makurutu lilipotoka nikaenda uwanjani saa kumi alfajiri na nakala za vyeti ndani ya bahasha. Tulikuwa mamia. Tulikimbia, tukapimwa urefu, tukafunguliwa midomo kuhesabiwa meno, tukavua viatu wakaangalia nyayo. Kufikia mchana walibaki wachache, na mimi sikuwa mmoja wao. Walio kati ya miaka 18 na 26 wanaojitokeza viwanja hivyo kila mwaka, wengi hawaendi kwa sababu wamelala wakiota bendera. Wanaenda kwa sababu ni kazi ya mshahara unaofika, na nyumbani kuna watu. Aliyechukuliwa siku ile mbele yangu angeweza kuwa mimi. Na hata kama alienda kutafuta mkate, risasi haikumuuliza alikuja kwa sababu gani. Mshahara ni malipo ya kazi. Hakuna karatasi ya mshahara yenye kipengele cha kufutwa jina.

La tatu ndilo gumu, na nalipa heshima yake. Juni 2024, baada ya yale ya Bungeni, KDF walitumwa barabarani kusaidia polisi dhidi yetu. Wengi wenu mlitoka siku zile. Mkaniuliza nikiposti kuhusu Afande: "Sasa tuwalilie hao?"

Nakuomba ukumbuke tulichofanya baada ya Juni 25. Tulikataa kuhesabiwa wafu wetu na serikali. Tuliandika majina, moja moja, na umri, na mtaa. Tuliyasambaza mpaka yakajulikana. Julai 7 tukaenda Uhuru Park tukawaimbia waliouawa. Tulikuwa tunasema kitu kimoja: mtu aliyekufa si takwimu, na anayeshikilia orodha ya wafu ndiye anayeamua ukweli. Msimamo huo hauwezi kuwa wa watu wetu pekee. Kama ni kweli kwa kijana aliyepigwa risasi barabara ya Parliament, ni kweli kwa kijana aliyepigwa risasi Gedo. Waliowatuma wote wawili kwenye hatari hiyo wana viti vile vile, na wanapenda ukimya ule ule. Jeshi linalokumbushwa kwamba kila askari ni mtoto wa mtaa fulani, ana jina na mtoto kwenye beseni, huenda litakumbuka pia kwamba aliye upande wa pili wa barabara ana jina.

Tena ukimya huu si wa jana. Ukiwa tao, pita Kenyatta Avenue usimame dakika mbili mbele ya zile sanamu tatu za shaba. Unazipita kila siku ukikimbilia matatu. Zilizinduliwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanaahidi kwamba wana wa waliokufa watakumbuka majina ya baba zao. Sasa zunguka mnara wote utafute hayo majina. Hakuna hata moja.

Waliobeba mizigo ile waliitwa Carrier Corps. Mtaa wao ndio leo tunauita Kariakor, pale unaponunua viatu vya ngozi na vikapu. Jina la kikosi limebaki, majina ya watu yakapotea. Mwaka 2021, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sababu? Watawala waliona hakuna haja. Kwa Mwafrika, mnara mmoja wa jumla ungetosha. Wanajeshi Wazungu wakakumbukwa kila mtu kwa jina lake.

Tunamlaumu mkoloni kwa hilo, na tuna haki. Lakini yeye alimfanyia hivyo mtu aliyemwona si wa kwao. Sisi tunamfanyia nani?

Na usiniambie hatujui namna ya kukumbuka. Pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie kuna bustani ya Agosti 7, mahali ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mwaka 1998. Kuna ukuta wenye majina ya waliouawa. Mwanafunzi wa chuo hukaa pale akila chipsi, mama wa makamo hupitisha kidole kwenye jina moja, kisha huketi. Wote wawili wako sawa pale. Hivyo ndivyo jiji linavyokumbuka, bila kelele, katikati ya maisha.

Wamarekani wenyewe, pamoja na vita vyao vyote, walijenga Washington ukuta wa waliokufa Vietnam, ukafunguliwa mwaka 1982. Una majina zaidi ya 58,000. Aliyeuchora ni Maya Lin, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo wa miaka 21 aliposhinda lile shindano. Majina hayakupangwa kwa cheo, yamepangwa kwa siku ya kufa, kwa hivyo waliokufa pamoja wako pamoja. Wazee walimpinga sana. Leo watu husafiri kutoka mbali kuja kugusa jina. Kijana wa miaka 21. Unaona kazi tunayoweza kufanya sisi tuliozoea kuambiwa tungoje wakati wetu?

Kwa hivyo tunadai nini?

Orodha. Orodha kamili ya wanajeshi wa Kenya waliouawa Somalia tangu 2011, itolewe na serikali yenyewe, kwa ridhaa ya kila familia. Familia ikisema hapana, iheshimiwe, lakini hata hapo idadi itolewe. Hiyo ndiyo sababu sikumtaja Afande. Ni mke wake wa kuamua, na kuna tofauti kubwa kati ya mjane anayechagua kunyamaza na mjane anayenyamazishwa.

Pili, mahali pa kwenda. Ukumbusho ulio ndani ya geti la kambi ni wa wenye ruhusa ya kuingia. Tunataka ukuta ambapo yule binti wa beseni, ambaye sasa yuko sekondari, anaweza kushuka matatu akiwa na sare ya shule, akatafuta jina la babake kwa kidole, bila kuonyesha kitambulisho kwa mtu.

Tatu, mjane asiwe mpelelezi wa kesi yake mwenyewe. Kabla askari hajapanda ndege, karatasi zake za familia ziwe zimekamilika: mke ni nani, watoto ni nani, mzazi ni nani. Na afisa mmoja akabidhiwe familia hiyo, mwenye jina na namba ya simu, mpaka haki zote zilipwe. Askari hukabidhiwa bunduki kwa sahihi. Familia yake nayo ikabidhiwe mtu kwa sahihi.

Sehemu nyingine ni yako na yangu, haingoji Bunge. Kama una mchumba jeshini, au polisi, au popote penye bunduki, nendeni mkasajili ndoa. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, hata ndoa ya kimila inafaa kusajiliwa. Si kukosa mapenzi kuulizana hayo. Ni mapenzi yenye akili. Watoto wapate vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba mapema, wakati baba yuko hapo kusema "ni wangu".

Video za El Adde na nyingine kama hizo zikikufikia, usizifungue, usizisambaze. Yule anayelala kwenye mchanga pale ni mtu aliyekuwa anapigiwa simu Jumapili. Kumkumbuka mtu ni kutaja alivyoishi, na wauaji wake ndio wanaotaka tumkumbuke alivyokufa.

Na kama kwenye ploti yenu, kanisani, msikitini au kwenye chama cha mama yako kuna mjane wa mwanajeshi, usingoje sikukuu. Nenda siku ya kawaida, na mkate na maziwa, umuulize alikuwa mtu wa aina gani. Usimuulize alikufaje, hilo ameulizwa sana. Muulize alikuwa anacheka vipi, alipenda timu gani, chapati alikuwa anakula ngapi. Utashangaa vile uso unabadilika mtu akipewa nafasi ya kumzungumzia mumewe kama mume.

Kisha muulize kama anataka jina liandikwe. Akisema ndiyo, liandike Januari 15 ikifika. Jina, umri, alikotoka, watoto aliowaacha. Lisomwe. Mwaka unaofuata uliandike tena.